Chungu Kisichojua Samaki

Wenzangu wa barazani hapa Kuze mmenichosha. Kila mmoja anauliza kipande chake. Abdalla anataka kujua kama ni kweli nilipanda mtumbwi mmoja na Wakristo wakiimba nyimbo za kanisani. Msellemu anataka kujua kwa nini tangu nirudi nikiona maziwa nageuza uso. Basi leo nimeiacha cherehani kando, nayaandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nishone nguo za watu. Habari za tikiti na vibali sisemi, hazina utamu.

Mnajua kwamba mimi na mdogo wangu Zuhura tumebaki wawili. Mama alikufa Zuhura hajaota meno, baba akafuata miaka michache baadaye, na mtoto akachukuliwa na shangazi yetu aliyeolewa Garsen, kule Mto Tana. Mwaka huu akaposwa na Salimu, kijana mwenye duka palepale, anayenunua ngozi na samli kwa Waorma wafugaji. Nikahi ikawekwa Jumapili baada ya alasiri. Mimi ndiye walii, wa kumwoza. Najua mtasema walii anaweza kumpa mtu uwakala kwa barua. Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka Zuhura aliponiandikia.

"Kaka," aliandika, "upande wa Salimu wanakuja watu wa Lamu na Kipini, wanawake peke yao watajaza nyumba mbili. Upande wangu ni shangazi tu, na miguu yake unaijua. Usipokuja, nitaolewa kama mtoto wa kuokotwa."

Barua ile niliikunja nikaitia kifuani, na haikutoka hapo safari nzima.

Mombasa mpaka Malindi

Niliondoka Jumanne na sanduku moja la bati. Ndani mlikuwa na nguo ya harusi ya Zuhura niliyoishona mwenyewe, kanzu yangu nyeupe ya kumwozea, na makopo mawili ya halua. Basi lilikwenda vizuri mpaka kivuko cha Kilifi. Pantoni ilikuwa ng'ambo, na wavutaji wake walikuwa wamekwenda kula. Walikula, nadhani, na chakula cha kesho yake. Mimi mnanijua, nilianza kupiga kelele pale ufukoni kama vile maji yangenisikia.

Mama mmoja wa Kigiriama, kapu la maembe kando yake, akanitazama kwa huruma. "Baba, unajichosha bure. Hebu shika embe."

Nilishika. Nilikula matatu, na kanzu ya safari ikapata mchirizi wa manjano kutoka kifuani hadi magotini. Pantoni ilipofika nilikuwa nimeshasahau nilikasirikia nini.

Lori na tope jeusi

Malindi nilipata lori Alhamisi asubuhi, limebeba sukari na mabati. Dereva aliitwa Kombo, na kwenye kioo chake alikuwa amebandika picha ya Malkia wa Uingereza, kijana bado, ambayo kila tulipoingia shimoni ilimwangukia mapajani. "Kesho mapema tuko Garsen, inshallah," aliniambia.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu yanakotoka maji, na mto ulikuwa umeanza kumwagika mbugani. Kabla ya jua kuchwa lori liliingia katika tope jeusi, likazama mpaka ekseli, likatulia. Tulisukuma, tulichimba, tulikata matawi, tulitukanana. Ijumaa asubuhi Kombo alivua shati akalianika juu ya boneti, nikajua huyu ameshahamia.

"Bwana fundi," aliniambia, "mimi hapa ni wa wiki nzima. Wewe una harusi. Fuata njia ile ya miguu, utatokea Golbanti, mtoni. Kule kuna mitumbwi."

"Watu gani wa huko?"

"Wapokomo. Wakristo."

"Nitakula nini kwa Wakristo?"

Kombo akacheka mpaka akashika tumbo. "Utakula utakachopewa!"

Sikuwahi kulala katika nyumba ya Mkristo. Nilijitwika sanduku, viatu nikavining'iniza shingoni, nikaingia majini hadi magoti, na njia nzima nilikuwa nikijiapiza kwamba sitatia kinywani chochote ila ndizi nitakazozimenya kwa mkono wangu.

Golbanti

Aliyenipokea alikuwa Mzee Hezroni, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye mabega ya mpiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote kijijini. Aliiona kofia yangu kwa mbali akapaza sauti: "Mama Dorka! Mgeni! Mgeni wa kuswali!"

Lo! Sijafikisha salamu, mkewe alishatoka na birika la maji ya kutawadha na mkeka safi. Mzee akanionyesha nguzo ya nyumba iliyotiwa alama kwa kisu. "Rafiki zetu Waorma wakija hapa, wanaelekea ile alama," alisema. Nililitazama jua, nikapima. Alama ilikuwa sawasawa na kibla. Mimi nilikuwa nimekuja tayari kuudhika, na watu wenyewe hawanipi nafasi.

Baada ya kuswali nikaomba mtumbwi wa Garsen, kesho yake.

"Kesho hapana, mgeni wangu," Mzee Hezroni alisema. "Maji inaingia shamba. Mitumbwi yote inaokoa mpunga. Jumapili sisi hatusafiri. Jumatatu asubuhi mimi mwenyewe nitakupeleka."

"Mimi nina haraka."

"Haraka ya nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Kuwaambia watu nisiowajua kwamba mdogo wangu anaolewa bila watu wake, niliona ni aibu ya nyumba yetu. Nikajibu kwa ukali, "Haraka yangu mwenyewe."

Mzee aliinamisha kichwa kidogo, hakuuliza tena. Alidhani ni mambo ya biashara.

Sasa chakula. Mama Dorka alipandisha mkono darini, akatoa chungu cheusi kilichofungwa vizuri kwa kitambaa, akakifuta, akanipikia ugali humo. Akaleta na kibuyu cha maziwa ya mgando ya Waorma, yananukia moshi. Kibuyu chenyewe kikubwa kama kichwa cha ndama. Jamani, tumbo langu na maziwa hawajapatana tangu utotoni. Lakini mama yule alikuwa amesimama mbele yangu akitabasamu, na mkono kauweka kifuani. Nilikunywa. Akaona nimependa, akaongeza.

Jumamosi asubuhi alikuja na jogoo na kisu. "Waorma wamepeleka ng'ombe mbali kwa sababu ya maji," alisema. "Hakuna wa kutuchinjia. Basi chinja mwenyewe, kwa dini yako."

Nimekata vitambaa maisha yangu yote. Shingo sijakata hata moja. Jogoo alinitazama, nikamtazama, kisu nikakirudisha. Mtu mzima mwenye ndevu, ningesemaje kwamba siwezi?

"Kuku sili," nilisema.

"Kuku pia?" Mama Dorka alishika shavu. "Kuku pia huli? Masikini mgeni wangu!"

Neno lile *pia* lilinikaa, sikulielewa. Yeye alimwachia jogoo, akaenda akarudi na kibuyu kingine.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Kila saa ya kula, nyumba nzima ilikuwa ikinitoroka. Mzee, mkewe na binti zao wawili walinyata mmoja mmoja kuelekea nyuma, na kidogo tu harufu ikaja. Harufu gani! Ilikuwa kama ya kambare wa moshi anayechemka ndani ya tui. Nikajiambia haiwezekani. Watu hawa wema hawawezi kuwa na samaki wakaninyima. Basi wanakula kitu ambacho wanajua kitaniudhi, labda nguruwe mwitu, labda kiboko. Nikasoma istighfari, nikaziba pua kwa upindo wa kanzu, na mate yakanijaa kinywani vilevile.

Nyuma ya nyumba

Jumamosi alasiri, jua halijatua, uvumilivu ulinikatika. Nilikuwa na njaa, tumbo linanguruma, harusi ni kesho, na mimi nimekaa kwenye mkeka kama mzigo uliosahauliwa. Harufu ilipokuja niliinuka nikaifuata.

Niliwakuta wanne wamechuchumaa nyuma ya jiko, moshi umewajaa machoni, wanakula upesi upesi kama wezi. Mzee Hezroni aliponiona akaficha bakuli mgongoni. Mchuzi ukamwagikia kisigino chake.

"Samahani, mgeni," alisema. "Upepo umegeuka. Tulidhani harufu haikufikii."

"Mnakula nini?"

Wakatazamana. Mama Dorka ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Samaki."

"Samaki? Samaki huyu huyu wa majini?"

"Kambare. Tusamehe."

"Mnanificha kambare, mimi mtu wa Mombasa! Mimi niliyenyonyeshwa mchuzi wa samaki!"

"Wewe si Mwislamu?" Mzee aliuliza, kachanganyikiwa. "Waislamu hawali samaki. Hata harufu yake hawataki. Rafiki yangu Mworma, akila karibu na samaki, anatapika. Ndiyo maana kile chungu tunakiweka darini. Ni chungu cha wageni, hakijawahi kujua samaki tangu kilipotoka motoni."

Nilikaa chini, palepale kwenye majivu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Waislamu waliowajua wao ni Waorma, na Waorma kwa mila yao ya ufugaji hawali samaki. Basi watu hawa walikuwa wamejificha siku mbili kwenye moshi, nyumbani kwao wenyewe, wanakula kwa hofu, ili mimi nisichefuke. Na mimi nilikuwa nawadhania nguruwe. Niliona haya kweli kweli.

"Leteni bakuli," nilisema.

Nilikula, jamani, kama mtu aliyetoka jela. Nikakiri na habari ya jogoo, kwamba kusema kuku sili ulikuwa uongo, kweli ni kuwa sijui kuchinja. Mama Dorka alicheka akaanguka ubavu, binti zake wakamwinua. Na katika kucheka kule, ule ukaidi wangu ukalegea. Nikaitoa barua kifuani, nikawasomea yote, mpaka pale pa mtoto wa kuokotwa.

Mama Dorka alijifuta machozi ya kicheko.

"Harusi kesho?" Mama Dorka aliuliza. "Na upande wake wataimba akina nani?"

"Hakuna. Ni mimi na shangazi."

"Wewe utaimba?"

"Siwezi."

Akapiga makofi mara moja, makofi ya uchungu. "Mtoto wa watu aolewe kimya! Ungesema tangu jana!"

Mzee Hezroni aliinuka. Alinawa mikono, akaenda kukaa peke yake karibu na mtumbwi wake. Mkewe alimfuata, mimi nikafuata nyuma.

"Garsen wako wenzetu wa kanisa, karani na mkewe, na yule askari," Mama Dorka alimwambia. "Tangu maji yaje hawajapata ibada. Twende tuabudu nao huko. Kwani ibada ina mizizi hapa?"

Mzee alitabasamu kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, Dorka. Karani tutamwona, ni vizuri. Lakini tusimzungushe Mungu kwa maneno. Tutakwenda kwa sababu ya yule mtoto, na yeye Mungu anajua." Akanigeukia. "Miaka yote mimi ndiye ninayesimama hapa Jumapili nikiwarudisha watu na mizigo yao. Kesho watanicheka. Wacha wanicheke."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. 

Jumapili mtoni

Kulipopambazuka nilidhani nitamkuta Mzee peke yake. Nilikuta mitumbwi miwili na watu kumi na watatu! Wanawake wanane walikuwa wamevaa nguo za kanisani zilizopigwa pasi, na Mama Dorka alikuwa amepakata furushi asilotaka mtu aliguse. Kanzu yangu ya harusi alikuwa ameipiga pasi ya makaa. Ndugu yake Mzee, aitwaye Yoshua, alikuja kucheka kama ilivyotabiriwa. Alicheka, akamaliza, akachukua pondo akaingia.

Kupanda mto uliofurika si mchezo. Katikati maji yanakimbia, basi tulikwenda pembeni, mara nyingine juu ya mashamba yenyewe, vichwa vya migomba vikitupita ubavuni. Viboko wawili walituziba njia, tukangoja mpaka walipochoka kututazama. Nilijitia kusaidia kupiga pondo. Pondo ikanasa topeni, mtumbwi ukaendelea, mimi nikabaki nimening'inia. Yoshua alinivuta kwa ukosi wa kanzu ya safari, na huko nyuma akina mama walikuwa wamesimamisha wimbo kwa kucheka.

Adhuhuri tulifika mahali pakavu, kilima kidogo. Nikaswali upande mmoja, na walipoona nimesimama wakanyamaza wote hadi nilipotoa salamu. Kisha wakafanya ibada yao, mimi nikawangoja. Mzee Hezroni alihubiri habari ya harusi moja ya zamani ambayo wenyeji waliishiwa vinywaji. Ni hadithi nzuri, lakini aliizunguka, akarudi, akaizunguka tena. Nikasimama mbele yake nikamwonyesha jua.

"Na hao wa kwenye harusi walikuwa na haraka kama wewe," alisema, watu wakacheka, akatia amina.

Garsen

Tulikaribia alasiri. Kabla ya kuiona nyumba ya shangazi nilisikia ngoma, na wanawake wa upande wa Salimu wakiimba kwa utani, kama desturi, wakiuliza bibi harusi katoka wapi mbona kwao kimya. Ni utani wa harusini, lakini mimi uliniingia kama sindano ya cherehani.

Mama Dorka naye alisikia. Alisimama ndani ya mtumbwi, Mzee akipiga kelele akae, na akaanzisha wimbo. Wenzake wakaupokea, wanaume wakaushika kwa chini, na mitumbwi yote miwili ikaingia Garsen inavuma. Watu wote wa harusi wakamiminika mtoni. Wale waimbaji wa Lamu walisimama midomo wazi.

Shangazi alikuwa ametolewa nje kwa kiti. "Hao ni nani?" aliniuliza.

"Wa kwetu, shangazi."

Aliwatazama wanawake wanane wanaopanda ukingoni wakiimba kwa Kipokomo, matope hadi magotini. Hakuuliza la pili. Alipiga kigelegele ambacho sikujua kama bado anacho, na akina Mama Dorka wakamjibu.

Nikahi ilisomwa kwa wakati wake. Nilimshika Salimu mkono, nikamwoza mdogo wangu. Mzee Hezroni alikaa nyuma yangu mkekani, viatu kavivua mlangoni, akiitikia amina hata pasipo na haja ya amina. Karani na yule askari nao walikuja, na kesho yake asubuhi walipata ibada yao.

Kabla ya chakula shangazi alinivuta kando, ana wasiwasi. "Nimewachemshia mayai na muhogo. Nimesikia watu wa kanisa hawagusi nyama Jumapili."

"Shangazi, usianze na wewe! Wape pilau."

Yoshua alikula masinia mawili.

Wageni wangu waliondoka Jumatatu kwa mkondo, haraka kuliko tulivyokuja, na makopo yangu ya halua matupu mkononi. Mimi nilibaki nikingoja barabara ikauke. Jumatano Zuhura alinialika chakula cha kwanza nyumbani kwake. Nilipita mtoni nikanunua kambare mnene, nikampelekea. Sufuria zote za harusi zilikuwa bado kwa shangazi. Jikoni mlikuwa na chungu kimoja tu cheusi, kimefungwa kwa kitambaa, na nilikitambua. Ndicho kilichokuwa ndani ya lile furushi.

"Pika humo," nilisema.

"Humo hapana, kaka. Wateja wa Salimu ni Waorma. Wakija kula hapa watakula kwenye nini? Chungu hiki hakijui samaki, na mama amenikataza."

"Mama yupi?"

Zuhura alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Aliingia chumbani, akanipa chungu, akaniambia kwao binti haolewi bila chungu cha mama yake. Kwani nina mama wangapi, kaka?"

Nikainama nikajifanya natafuta kofia, nayo iko kichwani. Mdogo wangu akaniwekea ugali na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilikunywa yote.